Pembe Haikuapa

York, siku ya Mtakatifu Hilari, 1428

Kaka yangu Hamo,

Huku tu wazima, wasiwasi ni kwenu huko London mnakokula moshi. Kichochoro chetu kinanuka vile vile ulivyokiacha. Mashimo ya kulowekea yamejaa pembe za ng'ombe waliochinjwa Krismasi, na jirani yetu Alina anasema harufu ya mwaka huu inaweza kumtoa shetani nduki. La kuvunda halina ubani, kaka. Nimeacha hata kujisumbua kuchoma majani ndani.

Sasa kaa kitako. Nimeposwa, na nimekubali.

Ni Gervas. Unamkumbuka, yule mkimya wa benchi la dirishani, aliyekuwa akifanya kazi na marehemu mume wangu. Yeye na Thurstan walitoka hapa pamoja na mzigo wa pembe kuja kuuza huko kwenu, na yeye akarudi peke yake kuniambia Thurstan ameshikwa na homa njiani, amekufa na kuzikwa kijijini Stanmere, na mzigo wote umeibwa. Nililia mpaka nikakauka. Tangu hapo Gervas ndiye anayeendesha karakana. Anazipasua pembe, anazibana kwenye mabamba ya moto, anachonga vitana na vikombe, na hajawahi kuniomba hata kipande cha mkate nisichompa mwenyewe.

Ilibidi nianze mimi. Nilimwambia, "Gervas, watu wanasema."

"Wanasema nini?"

"Kwamba unanitaka."

Hakuinua macho kwenye kitana chake. "Watu wa kichochoro hiki mbona habari zao huwa zimechelewa?"

Nilicheka, Hamo. Sikumbuki mara ya mwisho nilipocheka hivyo. Lakini kuna jambo sielewi. Tangu nikubali amekonda, na anaomba tungoje hadi baada ya Pasaka. Nikamwambia sitaki kungoja, nimengoja vya kutosha, na Alina ataanza kunitungia maneno. Basi harusi ni siku ya Mishumaa, ile ya mwanzo wa Februari. Kama ilivyo desturi yetu, atanichongea kikombe kwa mkono wake, nami nitakinywa mpaka mwisho mbele ya majirani, na ndoa itakuwa imefungwa.

Baba hayupo. Wewe ndiye baba. Nipe baraka.

Mdogo wako,
Emmota

*

London, siku ya Mtakatifu Vinsenti

Emmota mdogo wangu,

Baraka unazo, chukua zote, na zikibaki mpe Alina zimlegeze ulimi.

Mke wangu alipiga kigelegele hadi mpangaji wa juu akadhani nyumba inaungua. Mimi nilikuwa nashona chupa ya ngozi, nikajidunga sindano kwa furaha. Ndiyo, siku hizi mimi ni mtu wa ngozi kabisa. Pembe nimeisahau. Juzi mteja aliniuliza bei ya pembe ya kutilia wino nikamtazama kama mtu anayeniuliza bei ya mwezi. Na hiyo ndiyo kazi iliyotulea! Baba angefufuka anichape, yeye aliyewapa watawa pembe za wino ili watufundishe herufi sisi wawili.

Usijilaumu kwa ajili ya Thurstan. Nilimwona siku moja tu, siku ya harusi yenu. Nilikaa upande wake wa kushoto, na kila alipoinua kikombe kwa mkono ule wake wa mashoto aliumwagia mkono wangu. Nilimpenda hapo hapo. Lakini amekwenda, nawe bado una damu mwilini.

Gervas kukonda si ajabu. Nani asiyekonda akikuoa wewe? Ninakuletea tangawizi kidogo kwa mkono wa mchukuzi. Itieni kwenye pombe siku hiyo, mninywee na mimi.

Kaka yako,
Hamo

*

York, siku ya Mtakatifu Blasi

Hamo,

Gervas amemuua mume wangu.

Utanisamehe mwandiko. Nisikilize.

Jana asubuhi, siku ya Mishumaa, Gervas aliniletea kikombe. Sijaona kikombe kizuri hivyo, cheupe kama maziwa, na mshipa mmoja wa kahawia kandoni. Alikiweka mezani akatoka, akaenda kanisani na wenzake. Nikakijaza maji kukijaribu. Kikavuja. Maji yalitoka kitakoni yakalowesha aproni yangu mpya.

Vikombe vya Gervas havivuji, Hamo. Vitako vyake hukaa kama vimezaliwa navyo. Nikamwonea huruma, nikafikiri mikono ilimtetemeka kwa mapenzi, mjinga mimi. Sikutaka Alina aje acheke mbele za watu. Nikafanya alivyokuwa akifanya baba. Nikabandika sufuria motoni, maji yakachemka, nikakizamisha kikombe ili pembe ilegee, kisha nikakibana kitako ndani ili kikipoa kishike.

Nilipokitoa, kidole gumba changu kiligusa kitu ubavuni. Palikuwa laini pale. Nilikuwa nimepapasa mwenyewe kabla. Sasa palikuwa na uvimbe. Nikakisogeza dirishani.

Ni mbayuwayu, yule wa mkia wa uma. Ni alama ya Thurstan.

Huenda ngozi zimekusahaulisha, kwa hiyo nakukumbusha. Alama ikigongwa kwenye pembe kwa chuma cha moto, nyama ya pembe hubonyea chini. Ukiikwangua pembe mpaka ikawa sawasawa, jicho halioni kitu tena. Lakini ile iliyobonyezwa bado imo humo, na siku ikikutana na maji ya moto hufura na kurudi juu. Baba alikuwa akisema, pembe haisahau. Pembe zote zilizogongwa alama hiyo ziliondoka na mzigo ule, na Gervas aliniambia kwa kinywa chake mzigo wote uliibwa, kwamba alimzika Thurstan hana hata kisu kiunoni!

Nilitoka mbio na kikombe kikidondosha maji, bila hata kitambaa kichwani. Watu walikuwa wakitoka kanisani na mishumaa yao. Nilipiga kelele, "Muuaji! Mkamateni!" Gervas alikuwa katikati yao amevaa kanzu mpya ya sherehe. Nikamsukumia kikombe usoni.

"Hii pembe umeitoa wapi?"

Alikitazama kikombe, kisha akanitazama mimi, na nakuapia, kwa dakika moja uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyetuliwa mzigo. Baadaye akaona watu wamemshika mikono.

"Sema!" nikamwambia. "Umeitoa wapi?"

"Nimeapa, Emmota."

Basi. Hilo tu. Wamempeleka ngomeni, na huko pia analisema hilo hilo.

Nilikuwa karibu kukinywa, Hamo. Ningeolewa na mikono iliyomuua Thurstan, na ningeipenda. Nenda Stanmere, nakuomba, ni safari ya siku moja kutoka kwako. Nitafutie kaburi. Nataka kujua wamemlaza wapi.

Emmota

*

London, mkesha wa Mtakatifu Valentino

Mdogo wangu,

Nimekwenda, nimerudi, na sijui nianzie wapi.

Hakuna kaburi. Padri wa Stanmere ni mzee lakini akili zake zinakata. Akaniambia, "Mwanangu, hapa nawazika wenyeji, na mgeni akifa kijiji kizima huzungumza mwezi mzima. Sijamzika mtu wa York." Nikamwomba afikiri tena. Akafikiri, akatikisa kichwa.

Yule mbwa hata kumzika hakumzika! Kamtupa mtaroni kama mzoga. Nami nilikutumia tangawizi ya kumnywea! Mahakimu wakija, Emmota, simama useme yote, usimwonee haya mtu. Onyesha kikombe. Kama wanataka shahidi wa kaburi lisilokuwapo, nitakuja mwenyewe.

Nisikuachie uchungu mtupu, nikueleze nilivyopotea. Nikitoka kwa padri ukungu ulishuka, nikatembea kama kipofu mpaka nilipoona mwanga, kumbe ni lango la nyumba ya wakoma, nje ya kijiji. Wana taa ya pembe pale ambayo tajiri yeyote wa London angeililia. Jani lake, ule ubapa wa pembe unaokinga moto, ni jembamba mpaka unauona utambi ukicheza ndani. Nikalipapasa, si unajua damu ya pembe haiishi, na mistari ya kisu yote imelalia kushoto. Nikacheka peke yangu nikasema, hata wakoma wana fundi wao mashoto. Nikawawekea mkate kwenye kapu nikaondoka, maana unajua ninavyoogopa ugonjwa ule.

Jipe moyo. Haki itatendeka.

Hamo

*

York, Ijumaa baada ya Majivu

Hamo, rudi pale.

Rudi leo barua hii ikifika, acha chupa zako. Rudi kwenye lango lile, litazame jani la taa kwenye kona ya chini. Angalia kama pana alama ya meno mawili.

Thurstan alipokuwa akichuna jani aliishikilia ncha kwa meno, kwa sababu mkono wake wa kulia ulikuwa mzito. Nilimgombeza miaka yote ya ndoa yetu. "Utauza taa au utazitafuna?" Hapa York hakuna mtu mwingine anayelifikisha jani kwenye wembamba huo, nami nazijua kazi za kila benchi la kichochoro hiki. Mistari ya kushoto ni wewe umeiona, si mimi. Mbona hukushtuka? Mbona ulicheka?

Sitaki kuandika ninachowaza. Kama ni yeye, basi yu hai. Kama yu hai, basi nimemtia mtu ngomeni bure. Na kama yu hai, yuko wapi, Hamo? Yuko langoni kwa nani?

Fanya haraka. Mahakimu wanaingia mjini wiki ya pili ya Kwaresima. Gervas ataulizwa una hatia au huna, na mlinzi wa ngome anasema hatajibu, kwa maana anakula mkate wake na kunyamaza tu. Asiyejibu hulazwa chali, akawekewa mawe kifuani, na mawe huongezwa mpaka aseme au afe. Juzi Alina aliniambia, "Mwacheni. Watambana awe jani la taa." Kisha akacheka.

Nami nilicheka naye, Hamo. Juzi tu. Mungu anisamehe.

Emmota

*

Stanmere, Jumapili ya pili ya Kwaresima

Emmota,

Meno yapo. Mawili, kwenye kona ya chini.

Thurstan yu hai.

Keti. Uketi kabla hujaendelea.

Niligonga lango nikamwomba msimamizi aniitie fundi wa taa. Akatoka mtu amejifunika kichwa, akasimama mbali, upande upepo unakokwenda, kama sheria yao inavyotaka. Nilimjua kwa mkono wa kushoto. Wa kulia hauna vidole tena. Uso sitauandika. Nilitaka kukimbia na nilitaka kumkumbatia, miguu yangu ikashindwa kuchagua.

"Shemeji," akasema. "Bado nakudai radhi kwa ile pombe ya harusini."

Nikalia kama mtoto. Nikamwuliza, "Kwa nini, Thurstan? Kwa nini umemfanya mjane na wewe upo?"

"Niliona mabaka njiani. Nilipofika hapa msimamizi akanitazama, akaniambia nisiendelee na safari. Ungefanya nini wewe? Kanisa halimfungui mke wa mkoma kwenye ndoa yake. Angekuja kukaa nje ya lango hili kuningoja nioze, au angekaa York hana mume wala ujane. Unamjua Emmota."

"Na Gervas?"

"Gervas nilimpigisha magoti. Alikataa. Nikamwambia nitajinyonga. Akaapa msalabani, kwa roho ya mama yake, kwamba atasema nimekufa na hatamwambia mtu yeyote kinyume cha hapo. Pembe zote alinisaidia kuzileta hapa, ndizo zinazonilisha. Moja nilimpa, ya fahali mweupe, nilikuwa nimemwekea Emmota tangu zamani na alama nilishaigonga. Nilimwambia, akipata njia, ampe. Na nilijua anampenda. Nilijua kabla yake."

Nilipomweleza Gervas yuko wapi, na kwa nini, alitoa sauti ambayo sijapata kuisikia kwa mtu. Alitaka kuanza kutembea kuja York vile vile alivyo. Msimamizi akamzuia akasema wangempiga mawe kabla ya mto wa kwanza.

Barua ya msimamizi nimeiambatisha, yenye mhuri, inasema mtu huyu yu hai na hakuna aliyemuua. Nimemkodi mpanda farasi bora niliyempata. Usiisome mara mbili. Kimbia nayo ngomeni.

Hamo

*

York, kesho yake Mtakatifu Kuthberti

Kaka,

Barua zako zilifika. Nimechelewa kukujibu kwa sababu sikuwa na mikono ya kuandikia.

Mpanda farasi alinikuta shimoni nikitoa pembe. Nilikimbia vile vile, na uvundo wangu wote, na watu wakanipisha. Kichochoroni nikapaza sauti, "Mume wangu yu hai! Mfungueni! Yu hai!" Ni kichochoro kile kile nilimopigia kelele za kwanza. Alina alikuwa dirishani, safari hii hakucheka.

Walikuwa wameshaanza. Gervas alikataa kujibu mbele ya mahakimu, na alikuwa chini ya mawe tangu juzi yake. Hakimu aliusoma mhuri pole pole, mimi nikimtazama midomo, nikitamani kumkaba. Kisha akaamuru wayatoe. Yalitolewa moja moja. Walinipa ruhusa nikae naye, kwa kuwa daktari alisema mbavu zimeingia ndani na hakuna la kufanya.

Alikuwa na akili zake zote. Sauti ndiyo ilikuwa haba. Nikampigia magoti nikasema, "Thurstan ameonekana. Hamo ameongea naye. Kiapo chako hakina kazi tena. Sema nami, Gervas."

Akafumba macho. "Mzima?"

"Mzima kiasi. Kwa nini hukusema? Hata neno moja? Hata hapa, hata walipokuwekea la kwanza?"

"Ningesema moja, la pili lingetoka lenyewe. Niliapa."

Hapo nikamwuliza lililokuwa likinikeketa tangu barua yako. Nikamwambia, "Vikombe vyako havivuji."

Hamo, alitabasamu. Mtu yule, na kifua kile.

"Kile kilivuja," akasema.

"Ulikifanya kivuje."

"Nilikwambia tungoje, ukakataa. Ningekuoaje, una mume? Na ningekataaje, bila kukwambia kwa nini?" Akapumzika. Nilidhani amekwisha. "Nilijua hutataka Alina acheke. Nilijua utakitia maji ya moto. Wewe ni mtoto wa baba yako. Mdomo wangu uliapa, Emmota. Pembe haikuapa."

Nilihisi kama nimemwagiwa yale maji yenyewe. Alikuwa ameniandikia barua, Hamo, kwa herufi ambazo mimi peke yangu ndani ya nyumba ile ningeweza kuzisoma. Nami nilizisoma, nikaelewa kinyume.

"Nilifikiri ungenifuata karakanani uniulize," akasema. "Mimi ningenyamaza. Nawe ungeuliza, yu hai? Nami ningeendelea kunyamaza. Ungejua."

"Nilikimbilia barabarani," nikasema.

"Ndiyo," akasema. "Ulikimbia sana."

Hakulisema kwa ubaya. Afadhali angelisema kwa ubaya.

Akaomba maji. Chombo hakikuwapo, ila mlinzi alikuwa na kile kikombe, kilichowekwa na mahakimu kuwa ushahidi, akanipa. Nikakijaza nikamshikia. Hakikudondosha hata tone, maana nilikuwa nimekibana vizuri mwenyewe siku ile. Alikunywa kidogo, akageuza uso ukutani, na kulipopambazuka alikuwa amekufa.

Maji yalibaki nusu. Nilikaa nayo mkononi sijui kwa muda gani. Kuyanywa yote sikuweza, kwa kuwa mimi ni mke wa mtu. Kuyamwaga nayo sikuweza. Mwishowe mlinzi aliyachukua akayamwaga nje kama maji mengine yoyote, nami nikapiga yowe mpaka akaogopa.

Tumemzika kwenye kanisa letu, upande wa mafundi. Kichochoro kizima kilikuja. Karakana nimemwachia Alina na mumewe, mpaka chama cha mafundi kiamue.

Kesho natoka na msafara wa wauza sufi kuja Stanmere. Usijaribu kunizuia. Mwambie Thurstan asijifunike uso, mimi nimekwisha kuona mabaya kuliko hayo, na nimeyafanya kwa mdomo wangu. Nitakaa nje ya lango, nitachuna majani ya taa, na atanieleza kutoka upande upepo unakokwenda jinsi yanavyofanywa membamba. Alidhani ananikinga. Kati yetu watatu aliua wawili, yeye mwenyewe na Gervas, akabakiza mmoja, na huyo mmoja anakuja.

Kikombe nakileta. Hakivuji tena.

Dada yako,
Emmota